Saa Janja: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Kabla ya kuuliza bei ya saa janja, mnunuzi aitazame kwanza simu aliyo nayo. Apple Watch haiunganishwi na simu yoyote isipokuwa iPhone, nazo Galaxy Watch za Samsung, tangu toleo la Watch4 la mwaka 2021, hazikubali iPhone. Mwenye Tecno aliyeletewa Apple Watch na ndugu yake wa ughaibuni ameletewa pambo.

Kwa watu wengi, nafasi ya kwanza ninaipa Huawei Watch GT 4 ya milimita 46. Inakubali Android na iPhone, ina GPS yake yenyewe, yaani hutambua mahali ulipo kwa setilaiti bila kutegemea simu, na kwa hesabu ya mtengenezaji chaji yake hufika siku 14. Ukiwasha GPS kila asubuhi, au ukiacha kioo kikiwaka muda wote, siku hizo zitapungua sana, lakini umeme ukikatika usiku kucha hutaamka na saa iliyozima. Kero yake ni kwamba wenye Android hulazimika kupakua programu yake kutoka kwa Huawei wenyewe.

Ya pili ni Xiaomi Smart Band 8, ya bei nafuu kuliko zote ninazozitaja hapa kwa jina, ambayo chaji yake hutajwa kufika siku 16. Haina GPS, hivyo ukikimbia bila simu umbali wako utakuwa wa kukadiria. Anayetaka tu kuhesabu hatua na kusoma ujumbe wa muamala bila kutoa simu mfukoni ndani ya daladala, hana sababu ya kulipa zaidi.

Anayejiandaa kwa Kilimanjaro Marathon aupindue mpangilio huu na kuanza na Garmin Forerunner 55. Kioo chake hakivutii dukani, ila juani husomeka vizuri, na GPS yake huweza kufanya kazi hadi saa 20 mfululizo.

Apple Watch Series 9 ina programu nyingi na hupima hata umeme wa moyo, lakini Apple wenyewe huitajia saa 18 za chaji. Ninaiweka ya nne kwa sababu hiyo tu.

Za mwisho ni zile zisizo na jina, zinazodai kupima presha na hata sukari. Katika duka moja Kariakoo niliivaa mojawapo, kisha akaivaa muuzaji, kisha kijana aliyekuwa amepanda ngazi mbio akiwa na boksi begani, na sote watatu tulipewa presha ileile. Kuhusu sukari, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya Februari 2024 kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari bila kutoboa ngozi.

Kama muuzaji anaapa kwamba saa yake ina GPS, mwachie simu mwenzako uliyekwenda naye, toka nje, zunguka mtaa mzima, kisha urudi uone kama njia uliyopita imechorwa.