Nilipoteza Setilaiti, Nikaambiwa Niweke Bando

Kilichoniudhi si kifaa kuharibika, kwa kuwa kila kitu cha umeme kina siku yake. Kilichoniudhi ni jibu nililopewa nilipokirudisha pale kilipofungwa. Nilimweleza kijana wa kaunta, kwa utulivu na kwa mpangilio, kwamba redio ya Android waliyonifungia kwenye dashibodi imeacha kushika setilaiti, kwamba mshale wa ramani unasimama njiani huku gari likiendelea kwenda, na kwamba tatizo hilo halikuwapo kabla hawajanifungia kamera ya kioo cha mbele. Alinisikiliza huku akichezea simu yake, kisha akasema, "Dada, weka bando tu, itashika." Nilipomjibu kwamba GPS, yaani kifaa kujua kilipo kwa kusikiliza setilaiti, haihitaji bando, alitabasamu, akaegemea kaunta na kuniambia: "Basi mwambie shemeji aje, tutaelewana naye."

Shemeji yake haendeshi gari hilo. Ninayeliendesha ni mimi, na ninaliendesha kwa kazi: ninauza vipuri vya mashine za kukoboa mpunga, na wateja wangu wengi wako bonde la Kilombero. Msimu wa mavuno ukifika, mwenye mashine iliyosimama hana subira, kwa sababu magunia ya watu yamepangwa uani kwake na jirani naye ana mashine. Ukishatoka Ifakara, ukavuka mto na kufika Lupiro, barabara inagawanyika, moja inakwenda Mahenge na nyingine Malinyi, na mbele ya hapo unaingia kwenye njia za mashambani ambazo hazina kibao wala mtu wa kumuuliza usiku. Mtandao wa simu huko unakuja na kuondoka. Ndiyo maana nilitaka ramani iliyohifadhiwa ndani ya kifaa chenyewe, isiyomtegemea mtu wala mnara.

Gari lilikuja na navigesheni yake kutoka Japani, na kila aliyewahi kununua gari yadi anajua maana yake: ramani ya Japani peke yake, na sauti ya mwanamke wa Kijapani inayokukumbusha kadi ya ETC, ile ya kulipia barabara za kule, kila unapowasha gari. Nikaitoa, nikafungiwa hii ya Android. Nitasema haki: kwa miezi ya mwanzo ilinifurahisha sana. Ilishika haraka, ramani ilionyesha hata vijia ambavyo sikutarajia kuviona, na nyaya zilifungwa kwa usafi wa kupendeza. Kazi ilikuwa nzuri kiasi kwamba niliporudi kutaka kamera ya mbele, sikufikiria kwenda kwingine.

Safari iliyofuata baada ya kamera ndiyo iliyonionyesha kilichofanyika. Mshale uliganda juu ya daraja la mto Kilombero. Mimi nilikuwa nimeshapita Lupiro, giza limeingia, nina roli za mpira na beringi za mteja kwenye buti, na skrini inaniambia bado niko juu ya maji. Nilizima, nikawasha, nikasimama mahali peupe pasipo na mti. Hapakuwa na badiliko lolote. Niliikosa njia ya kuingilia kijijini, nikaenda hadi barabara ilipoishia kwenye majaruba, nikageuza gari kwa shida katikati ya tope. Mteja alipata vipuri vyake asubuhi badala ya usiku, na siwezi kumlaumu kwa maneno aliyonipokea nayo.

Sasa nirudi kwenye bando, kwa sababu neno hilo halijanitoka rohoni. Mtu anayeuza vifaa vya GPS kila siku, na kulipwa kwa kuvifunga, hana udhuru wa kutojua jinsi vinavyofanya kazi. Setilaiti za GPS ni za Marekani, ziko takriban kilometa 20,200 juu ya ardhi, na zinatangaza ishara zake bure kwa yeyote mwenye antena. Kifaa cha gari hakitumi chochote huko juu. Kinasikiliza tu, kinalinganisha saa za kufika kwa ishara, na kikizipata setilaiti 4 kinajua kilipo. Redio nyingi za siku hizi husikiliza pia mifumo kama hiyo ya nchi nyingine, GLONASS ya Urusi na BeiDou ya China. Bando linasaidia kupakua ramani, kuona foleni, na kukiwezesha kifaa kipate haraka taarifa za mahali setilaiti zilipo, lakini bila bando mshale unatakiwa kutembea vilevile. Kama bando ndilo lingekuwa sababu, mshale usingenifikisha Malinyi mara zote zile za nyuma, kwenye maeneo ambayo hata ujumbe mfupi hautoki.

Nilipokataa kuondoka, aliitwa mkubwa wao, naye akaja na maelezo mengine: kwamba setilaiti zimebadilishwa na redio za zamani hazishiki tena. Hapo kuna chembe ya ukweli iliyotumiwa vibaya. GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza upya, na hesabu hiyo ilipoanza upya Aprili 2019, baadhi ya vifaa vya zamani vilianza kuonyesha tarehe za miaka ya nyuma. Lakini redio yangu ni mpya, wameniuzia wao wenyewe, na tarehe yake ilikuwa sahihi mbele ya macho yetu sote. Nilimwonyesha. Akasema ninunue nyingine, ya shilingi 450,000, ambayo "haina shida hiyo." Hakuna aliyefungua hata paneli moja wala aliyetoka kwenda kuliangalia gari, lililokuwa limeegeshwa hatua chache kutoka mlangoni.

Aliyetatua tatizo ni fundi umeme wa magari mjini Ifakara, kijana anayefanya kazi pembeni mwa barabara akiwa na meza na tochi ya kichwani. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, ilianza lini, na kabla ya hapo waligusa nini?" Nilitamani yule wa kaunta angekuwapo alisikie. Akafungua ukurasa wa setilaiti kwenye mipangilio, mahali ambapo kila setilaiti huonyeshwa kwa kijiti kinachopanda kadiri ishara inavyoimarika. Vijiti vyote vilikuwa chini, vya kijivu. Akaweka simu yake juu ya dashibodi, ikashika mara moja, kwa hiyo anga na kioo havikuwa na tatizo. Hata hivyo aliniuliza kama kioo cha mbele kimebandikwa tinti, kwa sababu tinti yenye chembe za chuma huzuia ishara. Changu hakina.

Kisha akachomoa chaja ya kamera. Hakugusa kitu kingine. Tukakaa kimya tukitazama skrini, na baada ya muda mfupi kijiti kimoja kikapanda, kikafuatiwa na kingine, vikageuka kijani. Akairudisha chaja, vikashuka. Akaichomoa tena, vikapanda. Ishara ya GPS ikifika ardhini ni hafifu mno, na kamera au chaja ya bei rahisi isiyokingwa vizuri hutoa kelele ya umeme inayoizamisha. Kwa hiyo kamera waliyoniuzia wao ndiyo iliyokuwa inaiziba masikio redio waliyoniuzia wao.

Lakini vijiti havikupanda kama zamani, na kijana hakuridhika. Akafungua dashibodi na kuikuta antena, kiboksi cheusi kidogo kama kiberiti, imesukumwa nyuma ya redio na kubandikwa chini ya fremu ya chuma, uso wake ukitazama miguuni. Mwanzoni ilikuwa pembeni mwa kioo. Walipopitisha waya wa kamera waliiondoa, na wakaona ni rahisi kuitumbukiza humo kuliko kuirudisha. Ishara hupita kwenye plastiki na kioo cha kawaida, lakini haipiti kwenye chuma, na antena hiyo lazima itazame juu. Akaiweka chini ya plastiki karibu na kona ya kioo, akaukaza waya wake nyuma ya redio, akanishauri niliache gari peupe bila kulisogeza, kwa sababu kifaa kilichokaa muda mrefu bila setilaiti kinaweza kuhitaji dakika 12 na nusu kupokea ratiba nzima ya setilaiti zote. Haikuchukua hata muda huo. Alinitoza shilingi 15,000, nikamwongezea.

Kwa hiyo kifaa nakipa alama za juu. Nilikuwa nimejiandaa kukiponda, na ningekionea. Kuhusu duka, nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba mafundi wao ni wazuri na kasoro iko kaunta, kwamba mtu akifika amtafute fundi moja kwa moja. Kadiri ninavyoikumbuka ile antena chini ya chuma, sioni tena uzuri wa fundi anayezipanga nyaya zinazoonekana na kukitupa kisichoonekana. Ushauri huo nauondoa. Msiende. Na kama ni lazima mwende kwa sababu hakuna mwingine karibu, msilipe kabla fundi hajafungua ukurasa wa setilaiti mbele yenu, gari likiwa nje, kamera ikiwaka na chaja zote zimechomekwa.

Kamera nimeirudisha pamoja na risiti. Yule kijana wa kaunta aliipokea, akaandika namba yangu ya simu, na safari hii hakumtaja shemeji. Fedha bado sijaziona.