Kamusi ya tiba ya mtumba, Sh 7,000

Niliinunua kwa muuza vitabu anayetandika turubai chini, Lindi mjini. Alianzia elfu kumi na mbili, tukamalizana saba. Jalada limeshikiliwa na selotepu, na kurasa za herufi T zimenyofolewa karibu nusu. Nami niliapiwa kitabu ni kizima! Haya.

Mimi ni muuguzi, na huku kwetu mabusha na matende si habari za kitabuni. Miaka yote nimekuwa nikiandika "haidrosili" kwenye mafaili bila kujua naandika nini. Usiku ule zamuni nikafungua: hydor ni maji, kele ni uvimbe, yote Kigiriki. Kumbe ndiyo ngirimaji yetu ile ile, maji yamo humo humo kwenye jina. Nikacheka peke yangu.

Matende nayo ni elefantiasisi, kutoka elephas, yaani tembo, kwa jinsi ngozi ya mguu inavyokakamaa na kukunjamana. Filaria, minyoo inayoletwa na mbu na kusababisha matende hayo, jina lake ni la Kilatini: filum, uzi, maana ni myembamba hasa. Nilimsimulia babu mmoja mwenye mguu huo. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, uzi gani huo unaonishinda kuvaa kiatu?"

Maandishi ni madogo, kwa tochi ya simu utaumia macho. Lakini kila neno limevunjwavunjwa mpaka mzizi wake, na hapo hela yangu imerudi. Ukiiona nyingine, chukua, ila kagua T kwanza.