Gereji ya Gungu inayopima tairi na difu kwa hesabu moja

Gereji ninayoisifia haina bango. Ni vibanda viwili vya mabati pale Gungu: mbele matairi, nyuma shimo la kuingilia chini ya gari. Mwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, iwe Mark II, Chaser, Crown au Altezza, aende pale kabla hajanunua tairi popote. Sehemu nyingine nilizopita hapa Kigoma, muuza tairi anakuuzia tairi, fundi wa difu (lile boksi la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, linalopokea mzunguko wa injini na kuyapelekea) anakufungia difu, na hakuna anayejali kwamba cha mmoja kinavuruga hesabu ya mwenzake.

Gari langu ni Mark II GX100, silinda 6, lita 2, otomatiki. Naliendesha mwenyewe, nabeba abiria wa treni, wa uwanja wa ndege na wa Ujiji. Nililinunua likiwa limeshavishwa 205/70R15 ili tumbo lisiburuze kwenye makorongo ya mitaani. Kibandiko cha mlangoni kinasema 195/65R15. Lilipendeza kwa kimo, lakini kupanda kutoka stesheni kwenda Mwanga nikiwa na watu wanne na mabegi yao, lilikuwa halichanganyi. Unakanyaga, injini inanguruma, gari linajivuta. Fundi mmoja mjini alitaka nibadilishe pampu ya mafuta. Mwingine alitaka plagi zote sita.

Mzee wa Gungu hakufungua boneti. Alichuchumaa, akasoma ubavu wa tairi, akasoma kibandiko, akachukua chaki na kuandika kwenye mlango wa bati. 195 ni upana kwa milimita. 65 ni asilimia: ubavu ni asilimia 65 ya ule upana. 15 ni rimu kwa inchi, yaani milimita 381. Jumlisha mbavu mbili na rimu, tairi la kiwandani lina kipenyo cha milimita 634 na nusu. Fanya hivyohivyo kwa 205/70R15, unapata 668. Tairi langu lilikuwa limezidi kwa asilimia 5 na kidogo. Kila likizunguka mara moja linameza kama mita 2.10 za barabara badala ya mita 1.99.

Halafu akaja kwenye difu, na hapa ndipo nilipomvulia kofia. Aliinua tairi moja la nyuma kwa jeki, la pili likabaki chini limewekewa kabari, gia ikawa huru. Akaweka alama ya chaki kwenye shafti ya propela, ile inayotoka gia boksi kwenda kwenye difu, kijana wake akalizungusha tairi mara 20 kamili, yeye akiwa shimoni anahesabu. Shafti ilizunguka mara 41. Kwa difu ya kawaida, tairi moja likishikwa, lile la juu huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa krauni, ile gia kubwa ya ndani ya difu. Kwa hiyo mizunguko 20 ya tairi ni 10 ya krauni, na difu yangu ni 4.1, yaani shafti inazunguka mara 4.1 ili krauni izunguke mara moja. Hakufungua hata bolti moja.

Maelezo yake nayaandika kama nilivyoyaelewa. Nguvu inayosukuma gari pale tairi linapogusa lami ni nguvu ya kuzungusha ya injini, ikazidishwa na gia uliyopo, ikazidishwa tena na difu, kisha ikagawanywa kwa nusu ya kipenyo cha tairi. Namba ya difu ikipanda, msukumo unapanda. Tairi likikua, msukumo unashuka. Ukiongeza tairi kwa asilimia 5, difu ya 4.1 inafanya kazi kama ya 3.9. Kwenye gia ya tatu, inayopitisha mzunguko moja kwa moja bila kuuzidisha, injini yangu kwa kilomita 60 kwa saa ingepaswa kuwa kwenye mizunguko kama 2,050 kwa dakika. Kwa tairi kubwa inashuka hadi kama 1,950. Injini ndogo inahitaji mizunguko ili itoe nguvu, kwa hiyo unaiangusha mlimani pale inapohitaji kusaidiwa. Na uzito wa ziada wa tairi uko ukingoni, mahali ambapo ni shida zaidi kuuzungusha kutoka kusimama.

Mimi ni mpenzi wa yale magari ya Kimarekani ya miaka ya 1960 yenye V8, na nilimuuliza kwa nini kule 4.10 ilikuwa difu ya watu wa mashindano wakati kwangu ni ya kawaida tu. Akasema angalia injini. Chevelle SS 396 ilikuwa na lita 6.5, ina nguvu tele tangu chini, kwa hiyo hata difu ya 3.31 inaisukuma vizuri barabarani. Aliyechagua 3.73 au 4.10 alitaka kuruka haraka kwenye zile mita 402 za mbio zao, na alilipia kwa injini kupiga kelele na kunywa mafuta kwenye safari ndefu. Lita 2 haina anasa hiyo. Niliondoka pale nikiwa nimefurahi kama mtoto. Si kila siku unakutana na mtu wa kuongea naye haya mpaka mwisho.

Kuhusu huduma yenyewe, hakuniuzia kitu siku hiyo. Alinifungia seti yake ya kujaribia, 195/65R15, akasema, "Dada, panda nalo Mwanga urudi, ndiyo tuongee." Lilipanda likiwa jingine kabisa. Likiwa limesimama, ukikanyaga linaondoka nawe. Lakini kipenyo kikipungua milimita 34, tumbo linashuka 17, na kwenye njia ya kwangu Kibirizi ekzosi iligonga mawe mara moja. Akanipa njia ya pili: baki na tairi kubwa, weka difu ya 4.3. Hesabu inakaa karibu sawasawa na ya kiwandani, tofauti haifiki hata nusu asilimia. Hiyo ndiyo niliyochukua.

Difu ya mtumba ilitoka Dar es Salaam na ilichelewa. Hilo ni la kulalamikia, kwa sababu niliambiwa itawahi na sikupigiwa simu hata mara moja. Ilipofika alinionyesha meno, 43 kwenye krauni na 10 kwenye pinioni, gia ndogo inayoizungusha krauni, akalinganisha flanji, yaani kisahani cha kuungia shafti, na mashimo ya bolti na ile ya zamani mbele yangu. Kwenye GX100 difu inashushwa nzima na kufungwa nzima, hivyo meno hayakuguswa. Ufundi ulikuwa Sh 120,000 na oili mpya nikanunua mwenyewe. Hailii hata kwa kilomita 80 kwa saa. Spidi ya dashibodi, ambayo kwenye gari langu inasomwa kutoka gia boksi, ilikuwa inaonyesha pungufu: ikisema 80 mimi nakwenda 84. Sasa imerudi sawa.

Kwa vijana wanaoniuliza kuhusu rimu za 18: rimu kubwa si lazima iwe tairi kubwa. 225/40R18 ina kipenyo cha milimita 637, karibu sawa na langu la kiwandani, kwa hiyo haitakunyang'anya mwendo kwa hesabu ya difu. Itakunyang'anya kwa uzito, na ule ubavu mwembamba kwenye mashimo yetu sitaki hata kuufikiria. Na usikimbilie difu kubwa kabla tairi halina mshiko. Mvua ikinyesha kwenye udongo mwekundu, msukumo wa ziada unaishia kuchimba tope.

Matairi yake ya mtumba ni ya kuaminika kuliko niliyoyaona sokoni, kwa sababu anakuonyesha tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni mwa tairi, wiki na mwaka wa kutengenezwa, kabla hujauliza. Ikiandikwa 3519, ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Mashine ya balansi hana, itabidi uende mjini. Risiti anaandika kwa mkono, ila dai, vinginevyo atasahau. Ijumaa hufunga kuanzia saa sita mpaka saa nane kwa swala, na kazi ya difu haianzi mchana, kwa hiyo fika asubuhi na gari likiwa halijabeba mzigo.