Mji Mkongwe au flati za Michenzani, wapi pa kuishi?

Mi nimeishi kote kuwili hapa Unguja, na ukiniuliza kuhusu joto tu jibu ni rahisi, Mji Mkongwe. Vichochoro vyembamba vile, kuta nene za mawe na chokaa, saa saba mchana jua halifiki chini kabisa, unakuta wazee wamekaa barazani na kahawa yao upepo wa bahari unapita katikati ya nyumba kama umeitwa. Michenzani sasa, zile flati ndefu zilizojengwa kule Ng'ambo, upande wa pili wa mji, baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Wajerumani Mashariki, barabara pana, kivuli hamna, ukitoka kununua mkate tu shati lishalowa jasho.

Lakini ndo hivyo, Michenzani nilikua na vyumba vyangu vya kueleweka, choo ndani, gari la mizigo linafika mpaka mlangoni, na majirani ngazi moja mnajuana mpaka nani kapika nini. Tabu ilikua maji yakikatika, unapandisha madumu kwa ngazi mpaka juu, mgongo unauma wiki nzima.

Mji Mkongwe tangu uingie urithi wa dunia mwaka 2000, wageni wamejaa, nyumba zinageuzwa hoteli, kodi inapanda, na nyumba niliyopanga mi boriti zilishaoza udongo unadondoka kitandani, mwenye nyumba kimya. Inaniuma kweli, maana kwa hali ya hewa yetu wale wa zamani walijua kujenga, na mpaka leo ningekua na uwezo ningerudi kulekule.