Testa ya kebo ya neti ya bei chee: inasaidia, ila kuna sehemu inadanganya

Mambo vipi wadau, leo niko na hiki kidude, testa ya kebo ya neti, nimeichukua Kariakoo kwa hasira kabisa, maana deskitopu ilinitesa wiki nzima, kifurushi nalipia Mbps 200 ila nikipima haivuki 94, na simu kwa waifai inapiga 180 bila shida. Kabla hujampigia mtoa huduma kumfokea, ingia setingi za neti kwenye Windows uangalie spidi ya linki, kwangu iliandika 100/100 badala ya 1000, nikaanza kuhisi waya. Iko hivi, neti ya Mbps 100 inatumia nyaya nne tu, namba 1, 2, 3 na 6, gigabiti, yaani Mbps 1000, inataka zote nane zilizo ndani ya kebo, kwa hiyo mmoja kati ya zile nne nyingine ukikatika neti haizimi, inashuka kimya kimya na wewe unalaumu ruta.

Haya, kipande kikubwa nachomeka huku, kidogo kule mwisho wa waya, nawasha. Angalia taa… moja, mbili, tatu, nne… eeh, tano imeruka, umeiona? Hiyo ni mweupe-bluu. Nikakata kichwa, nikabana RJ45 mpya, hata dakika kumi sikumaliza, linki ikasoma 1000. Na ile taa ya G isipowaka usipate presha, ni ya kebo zenye ganda la chuma ndani, hizi za kawaida hazina.

Sasa uongo wake uko hapa: fundi akipanga rangi anavyojua yeye, mradi pande zote mbili zifanane, taa nane zote zinawaka, wakati nyaya zimesokotwa mbili mbili kwa makusudi ili zisiingiliane, namba 3 na 6 lazima ziwe jozi moja iliyosokotwa pamoja, kwa mpangilio wa rangi unaoitwa T568B ni mweupe-kijani na kijani, akizichanganya neti inakatakata na testa inakwambia poa tu. Kwa hiyo rangi kagua kwa macho. Halafu chomoa waya pande zote kwanza, hasa ukiwa unatoka kwenye swichi inayopeleka umeme kwa kamera, utaiunguza testa.

Kingine, swichi yake ya kuwashia iko legelege, niliitupa kwenye droo ikajiwasha yenyewe, asubuhi betri ya volti 9 kwisha habari, siku hizi nikimaliza natoa betri kabisa.