Uzoefu wangu wa kutumia Merlin kumtambua ndege aliyejeruhiwa, Malindi

Kama simu yako ina nafasi, ipakue Merlin, programu ya kutambua ndege, leo, kabla hujaletewa ndege mkononi. Ni ya bure, imetengenezwa na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na utambuzi wa picha unafanya kazi hata bila intaneti ukishapakua kifurushi cha ndege wa eneo lako. Kifurushi chenyewe ni kizito, kwa hiyo tafuta waifai.

Mimi niliihitaji msimu wa kusi. Ndege alijigonga kwenye kioo cha nyumba ya wageni ninayoisimamia, akaanguka barazani, bawa moja limelegea. Mtoto wa jirani akanijia mbio: "Shangazi, yu hai, anapumua!" Kifua chake kilikuwa cheupe, kimejaa matone meusi yaliyopangika kama shanga. Programu nyingine niliyokuwa nayo ikasema ni Geokichla guttata (kwa Kiingereza Spotted Ground Thrush), yule ndege adimu aliye hatarini kutoweka, anayekuja Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba. Msimu ulilingana. Moyo ulinidunda.

Merlin kwanza iliuliza picha imepigwa wapi na lini, ikanitaka niikuze picha mpaka ndege ajae kwenye fremu. Jibu lake: Cichladusa guttata (Spotted Palm Thrush), pamoja na picha za kulinganisha. Hapo ndipo iliponikosha, maana niliweza kuhakiki mwenyewe. Geokichla ana mistari miwili myeupe bawani na alama nyeusi usoni. Huyu hakuwa nayo, na mkia wake ulikuwa mwekundu wa kutu. Kumbe ni yule mwimbaji wetu wa alfajiri vichakani!

Picha ya kifua peke yake haitoshi kuwatenganisha hawa wawili. Piga ubavuni, mgongoni na mkiani, bila flashi, tena upesi, kwani kushikwashikwa kunamtia ndege hofu inayoweza kumuua. Kisha mweke ndani ya boksi lenye matundu, mahali penye giza na kimya. Maji usimtilie mdomoni, yataingia mapafuni.

Jina lilitufaa papo hapo. Jirani alishaleta punje za mtama kwa moyo mwema, lakini huyu ni mla wadudu, basi tukaziweka kando. Nikawapigia KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwa sababu sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kukaa na ndege wa mwitu bila kibali. Nilipowatumia picha na jina, hakukuwa na haja ya maelezo marefu. Jioni walikuja kumchukua.

Kile kioo nimekibandika vibandiko upande wa nje, vikiachana sentimita 5. Wenye nyumba za vioo vikubwa huku ufukweni, tafadhalini fanyeni hivyo pia.