Waini nyekundu ya shamba moja toka Beaujolais: chupa tatu, ya kwanza ikiwa Côte du Py ya Foillard

Watu wakitaka waini nyekundu ya Ufaransa iliyotoka shamba moja tu wanakimbilia Burgundy, wakiona bei wanakata tamaa, na mi nasema shuka kidogo kusini hapo Beaujolais kuna chupa za maana kabisa. Sisemei Beaujolais Nouveau, ile waini changa inayotolewa Alhamisi ya tatu ya Novemba, nasemea zile sehemu 10 zenye jina lake kwenye lebo, Morgon, Fleurie, Moulin-à-Vent na wenzake. Zabibu yao ni gamay, ambayo mtawala wa Burgundy aliipiga marufuku kwake mwaka 1395, huku kusini ikabaki na ikapendana na ardhi.

Namba 1 kwangu bila kusita ni Morgon Côte du Py ya Jean Foillard. Côte du Py ni kilima cha kijiji cha Villié-Morgon, mawe yake ya kibluu yamechakaa hadi yanameguka. Foillard alishika shamba la baba yake mwanzoni mwa miaka ya 80, na yeye na wakulima wenzake kina Marcel Lapierre wakafuata mafundisho ya Jules Chauvet, mkemia wa hukohuko: shambani hakuna dawa za kemikali, hamira ya dukani hamna, salfa (ya kuhifadhi waini isiharibike) kidogo sana au hamna kabisa. Vichala vinaingia kwenye tanki vizima na vijiti vyake, kuchachuka kunaanzia ndani ya punje yenyewe, halafu waini inakaa kwenye mapipa yaliyokwishatumika kwa hiyo ladha ya mbao haikufuniki. Unapata cheri iliyoiva, viungo kwa mbali, na ule ukavu wa kupendeza unaokufanya umimine tena. Ukiweza kuificha miaka mitano, ifiche, inazidi kunoga.

Namba 2, Clos de Rochegrès ya Château des Jacques, Moulin-à-Vent. Mali ya Louis Jadot, kampuni ya waini ya Burgundy, tangu 1996, na wanatengeneza kama Burgundy, vijiti vinatolewa, mapipa ya mwaloni. Hii ni nzito, inataka nyama. Nimeiweka ya pili kwa sababu ikiwa changa inabana ulimi, na wengi hatuna subira.

Namba 3, Château Thivin, Côte de Brouilly, familia ya Geoffray tangu 1877, mizabibu imepanda mteremko mkali wa mlima wa Brouilly. Angalia lebo vizuri: Les Sept Vignes ni mchanganyiko wa vipande saba, nzuri na nafuu, ila kama unataka kipande kimoja chukua La Chapelle.

Morgon ya Lapierre naipenda mno, sijaipanga tu kwa vile haitoki shamba moja.

Dukani sasa. Waini yenye salfa kidogo haivumilii joto hata kidogo, kwa hiyo chupa imesimama dirishani jua linaipiga, achana nayo hata kama wamepunguza bei. Nyumbani itie friji nusu saa kabla ya kufungua. Na usinunue jina la kilima peke yake, Côte du Py ina wakulima wengi na si wote wanajali, soma jina la mzalishaji. Foillard akikosekana tafuta chupa za familia ya Louis-Claude Desvignes, wao wana Côte du Py na pia Javernières ya chini ya kilima hichohicho, yenye udongo wa mfinyanzi na uzito zaidi mdomoni.